Mji Usio na Ghorofa

"Bei imepanda," dalali alisema akiwa amewapa mgongo, anahangaika na kufuli la mlango, kwa sauti ya mtu anayesema nje kuna joto.

Mkunga alidhani hakusikia vizuri. "Imepanda tangu lini?"

"Tangu jana, dada. Ametokea mteja mwingine, mwenye nyumba akaona aongeze kidogo."

Alipokitaja hicho kidogo, mkunga alimgeukia mchumba wake, na mchumba wake akatazama dari. Kidogo cha dalali kilikuwa akiba yao ya mwaka mzima: mwaka wa kubeba zamu za wenzake hospitalini, wa viatu vilivyotiwa soli upya, wa kuambizana kila mara kwamba kula nje ni anasa.

Na nyumba yenyewe haikuwa ya kujivunia. Vyumba viwili, ghorofa ya sita, jiko ambalo watu wawili hawawezi kupishana bila kuombana radhi, na ukuta wa chumba cha kulala umelowa mpaka rangi imejikunja. Lakini juma lililopita walisimama katikati ya sebule hii hii wakagombania, huku wanacheka, kitanda kikae upande gani. Mkunga alikuwa amekwisha kuchagua mapazia. Na mtu akishachagua mapazia, moyo wake umekwisha kuhamia.

"Tutafikiria," mchumba wake alisema.

Dalali alikubali kwamba kufikiria ni jambo jema. Ila yule mteja mwingine, akaongeza kwa upole, hafikirii; yeye analipa.

Hii ilikuwa nyumba ya tatu kuwaponyoka. Ya kwanza iliuzwa wakiwa njiani kwenda benki. Ya pili waliambiwa arbuni fulani itatosha, na walipoifikisha wakaambiwa haitoshi tena. Katika mji ule mkubwa walikuwa kama abiria anayelikimbilia basi: kila akigusa mlango, dereva anakanyaga mafuta.

Walishuka kwa ngazi, maana lifti ya jengo ilikuwa imekufa. Alipofika ghorofa ya tatu mkunga akagundua anashuka peke yake. Akarudi nyuma. Mchumba wake alikuwa amesimama mbele ya mlango wa lifti, jicho moja kalibandika kwenye mwanya, anamulika ndani kwa tochi ya simu.

"Kamba zake ni nzima kabisa," akasema bila kugeuka. "Wameiacha ife bure, masikini."

"Tumepoteza nyumba," mkunga akamwambia, "na wewe unaihurumia lifti."

Akacheka kidogo, akidhani ni utani. Alipouona uso wa mwenzake akaizima tochi, na ngazi zilizobaki walizishuka mmoja mbele, mwingine nyuma.

Mchumba huyo kazini walimwita Fundi Lifti, na mkunga alimpendea hilo hilo jina. Walijuana siku lifti ya hospitali ilipokwama katikati ya ghorofa mbili, mkunga akiwa ndani na mama mjamzito ambaye uchungu ulikuwa umemfikia pabaya. Taa zikazimika. Yule mama akaanza kupiga kelele kwamba anakufa. Ndipo sauti ya mwanamume ikashuka kutoka juu, tulivu kama ya mtu anayeongea na jirani dirishani: "Dada uliye humo, usiogope. Lifti haianguki. Fanya kazi yako, na mimi nafanya yangu." Mtoto alizaliwa kabla milango haijafunguka. Ilipofunguka, fundi aliyejaa grisi hadi kwenye nyusi aliwakuta watu watatu badala ya wawili, akasema samahani kwa kuchelewa. Mkunga alimgombeza vilivyo. Kesho yake fundi alirudi kuikagua lifti ambayo haikuwa na kasoro yoyote, na keshokutwa pia, mpaka manesi wenzake wakaanza kumwambia mkunga ashuke chini, lifti yake inamngoja.

Sasa walikuwa wanataka kuoana, na kilichowazuia ni sharti moja la mama yake mkunga. Mama huyo alikuwa amelea watoto wake katika nyumba za kupanga, akafukuzwa kwenye baadhi yake hadharani, na uzeeni ndipo alipofanikiwa kujijengea chumba kimoja kimoja katika mji mdogo wa mbali, kule ardhi isikogombaniwa. Alisema hana neno na kijana: ana adabu, ana kazi, anajua kusalimia. Ila binti yake hatatoka kwake kwenda kuolewa ndani ya nyumba ya mtu.

Jioni ile mkunga alimpigia simu akamweleza yaliyowapata. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akasema waache kujitesa, wapande basi waende kwake. Kuna mjane, mshona nguo, mtaa wa pili tu, anauza nyumba ahamie kwa binti yake. Nyumba ya vyumba vitatu na ua. Bei aliyoitaja haikufika nusu ya ile ya ghorofa ya sita.

"Vyumba vitatu, mama?"

"Vitatu, na stoo. Huko kwenu pesa hiyo inanunua choo."

Walisafiri kutwa nzima. Kadiri basi lilivyouacha mji mkubwa nyuma, ndivyo majengo yalivyozidi kupungua kimo, na mkunga akaona jinsi mchumba wake alivyokuwa akiyatazama dirishani, kama mtu anayetazama salio lake likiisha. Hakumwuliza. Alikuwa anaogopa jibu.

Nyumba ya mjane ilimpata mkunga pabaya. Alikuwa amejiandaa kutafuta kasoro, akazikosa. Jiko lilikuwa na dirisha pana linalotazama ua, na chini ya dirisha kulikuwa na meza ya saruji iliyolainishwa na miaka ya mikono. Chumba kikubwa kilipata jua la jioni hadi kwenye kona. Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, ili tu ausikie. Alisimama jikoni peke yake, akaweka viganja juu ya ile saruji, asitake kuviondoa. Kuta hizi hakuna ambaye angekuja kuzigonga mwisho wa mwezi.

Mama yake alimwona kutoka mlangoni. Akaondoka kwa kunyata, ametabasamu mwenyewe.

Fundi aliitazama nyumba kwa makini, akagonga gonga mabomba, akapanda juu ya ngazi kuchungulia paa, akakiri kwamba imejengwa na mtu anayejua. Kisha akaomba ruhusa akanyooshe miguu mjini. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi, shati likiwa na vumbi la barabarani, mkunga alikuwa anamngoja uani.

"Umeiona vizuri?" akamwuliza.

"Nimeiona. Nyumba nzuri sana."

"Lakini?"

"Sijasema lakini."

"Umelisema kwa uso."

Fundi akakaa kwenye ukingo wa kibaraza, akafuta vumbi kwenye viatu polepole kuliko ilivyohitajika. "Nimezunguka mji mzima. Jengo refu kuliko yote ni la benki, lina ghorofa moja. Nimeingia duka la vipuri nikamwuliza mwenyewe kama kuna lifti popote hapa. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Ameniambia hapa hata ngazi ni za kutafuta."

"Zipo pampu za maji. Yapo majenereta, zipo mashine za kusaga. Mama anasema mtu mwenye mikono hafi njaa."

"Hafi njaa, kweli. Mimi kazi yangu nimeanza kuisomea nikiwa na ndevu tatu. Nikisimama mlangoni mwa lifti naijua inaumwa wapi. Hapa nitakuwa nani? Nitaanza upya kwa watu wanaonicheka, na wewe utatoka zamu umechoka, unikute nimekaa hapa hapa naangalia ukuta. Unanijua nikikosa kazi. Sikaliki."

"Na mimi unanijua?" Sauti ya mkunga ilipanda kuliko alivyokusudia. "Unajua kwa nini mama hataki kusikia neno kupanga? Nilikuwa shule siku walipotutoa. Nilirudi nikakuta godoro langu barabarani, watu wanalikanyaga wakipita. Mpaka leo mwenye nyumba akibisha hodi, kabla sijafungua, naliona lile godoro. Wewe unafikiri natafuta anasa. Mimi natafuta mahali ambapo hodi ni mgeni tu."

Fundi alimtazama kwa muda mrefu. Mkunga alikuwa amelizoea lile jicho, la mtu anayesikiliza kitu kilichoharibika ndani ili ajue akiguse wapi, na siku nyingine lilikuwa linamyeyusha. Leo lilimwudhi. Hakutaka kutengenezwa, alitaka mtu akubali kwamba ameumia.

"Hukuwahi kuniambia," fundi akasema taratibu.

"Ndiyo nimekuambia."

Kuku wa jirani aliingia uani, akawaona, akaghairi. Fundi alisugua uso kwa viganja vyote viwili. Alipovitoa, alikuwa na sura ya mtu aliyekwisha kutoa kitu alichokuwa akikishikilia.

"Basi tuinunue," akasema.

"Unasemaje?"

"Tuinunue. Wewe uombe uhamisho, hospitali ya hapa haitakataa mkunga. Mimi nibaki kule kule kazini. Nitakuja kila nikipata nafasi. Sikukuu, likizo, hata nikipata siku mbili tatu. Utakuwa na nyumba yako, na hakuna atakayekubishia hodi."

Dirisha la jikoni lilifunguka. Mama, ambaye baadaye aliapa kwamba alikuwa pale kwa sababu ya kutafuta chumvi, alitokeza kichwa akasema hilo ndilo neno la mwanamume. Alisema nusu ya waume wa mji ule wanafanya kazi mbali, na ndoa zao zimesimama imara kuliko za hao wanaokanyagana vidole kutwa. Akamwita fundi mwanangu, kwa mara ya kwanza tangu amjue. Alikuwa ameanza kupanga nani apigiwe simu kwanza.

Kwa hiyo mkunga alikuwa amepata vyote. Nyumba alikuwa nayo, mchumba alikuwa naye, na mama yake alikuwa anacheka. Hakuelewa kwa nini hafurahi. Aliingia ndani akamsaidia mjane kuosha vikombe, kwa sababu alitaka kufanya jambo lolote lenye mwanzo na mwisho.

Mjane alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwonyesha mlango unaovimba wakati wa mvua, akamwonyesha bomba la kufunga kwanza kabla ya kusafiri. Mkunga akamwuliza, ili kujaza kimya tu, kama haoni uchungu kuiacha nyumba nzuri kama hii na kumfuata binti yake.

"Sioni," mjane akajibu, akikausha kikombe. "Nyumba hii nimeishi mimi. Marehemu aliishi humu likizo. Alikuwa dereva wa malori ya masafa, alikuwa anatafuta pesa za kuijengea. Mwanaume mwema sana. Alipostaafu akarudi, tukawa tunaoneana haya kama wageni, kila mtu na saa zake za kula. Ndiyo tunaanza kuzoeana, akafa."

Akakiweka kikombe rafuni, akashika kingine. Hakuonekana kutaka kufundisha mtu kitu. Alikuwa ameulizwa, amejibu.

Mkunga alibaki na mikono ndani ya maji mpaka povu lote likaisha. Kupitia dirishani aliweza kumwona fundi amesimama uani na mama, anatikisa kichwa kukubali kila anachoambiwa, tabasamu limemkaa vibaya mdomoni kama shati la kuazima. Mara akamwona kichwani, miaka kumi ijayo, ameshuka kwenye basi na begi, anabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Akafuta mikono akatoka.

"Mama," akasema, "hatununui."

Mama alidhani ni bei. Akaanza kueleza kwamba mjane anaweza kuzungumzika, kwamba yeye mwenyewe atakwenda kusema naye.

"Si bei. Nataka kuolewa nikae na mume wangu. Sitaki nyumba ya kumngojea mtu."

"Mkunga," fundi akaanza, "mimi nimekubali, na nimekubali kwa moyo wote..."

"Najua umekubali. Ndiyo maana nakataa mimi."

Mama alimtazama binti yake kana kwamba amempiga kofi. Alisema mambo mengi jioni ile. Alisema amesafisha sakafu za watu mpaka magoti yamekwisha ili mtoto wake asilale nyumba ya mtu. Alisema mapenzi ni kitu kizuri lakini hayana paa. Kila neno lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomuuma mkunga. Mwisho mama alishusha pumzi, na maneno aliyoyasema kwa sauti ya chini yakawa mabaya kuliko yote ya sauti ya juu.

"Haya. Kaolewe kwenye chumba cha kupanga. Lakini mimi usiniite. Mimi nimekwisha kutolewa nje mara nyingi, sitaki kuja kutazama yako."

Asubuhi waliondoka bila mtu wa kuwasindikiza. Ndani ya basi mkunga alikaa dirishani, safari hii akitazama majengo yakirefuka, na hakupata raha yoyote kwa hilo. Alikuwa amechoka na kila mtu. Na dalali, na mji wenye kazi usiokuwa na nyumba, na mji wenye nyumba usiokuwa na kazi, na mama, na mtu huyu aliyekaa ubavuni mwake ambaye alikuwa na busara ya kutomshika mkono.

"Umeiacha kwa ajili yangu," fundi akasema hatimaye. "Ipo siku utanilaumu."

"Nitakulaumu. Nimekwisha anza."

"Sawa."

"Usiseme sawa. Nimeipenda ile nyumba. Nimeipenda kuliko nilivyokupenda wewe siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza ulinitukana."

Alitaka kukasirika zaidi, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani, na nyuma yake machozi, na vyote vikaja pamoja vibaya, mpaka mama mmoja wa kiti cha mbele akageuka kutazama. Fundi alimpa leso yenye harufu ya grisi. Mkunga akamlalia begani, akalia mpaka akalala.

Nyumba ya ghorofa ya sita ilikuwa imeuzwa walipofika. Dalali aliwapigia yeye mwenyewe kuwapa habari, kisha akawauliza kama wangependa kuona chumba kimoja pembezoni, mbali kidogo na barabara. Hawakupenda. Walipanga harusi ndogo, na waliamua watakaa kwenye chumba cha fundi, juu kabisa ya jengo ambalo lifti yake aliitunza yeye, mlango unaopakana na chumba cha mitambo. Kila mtu akipanda au kushuka, ukuta ulinguruma. Mkunga alikipaka rangi kile chumba kwa hasira, akatundika yale mapazia aliyokuwa ameyachagulia nyumba nyingine, yakawa marefu mno, akayakunja.

Kwa mama alipiga simu kila siku. Simu iliita mpaka ikakata. Akamtumia ujumbe wenye tarehe, akatumia mwingine wenye jina la jengo, na hakujibiwa. Shangazi yake alimwambia amwache, yule akikasirika hata jua humzunguka. Fundi alitaka kwenda mwenyewe kumwomba radhi, mkunga akakataa, wakagombana kwa ajili hiyo, wakapatana, na wakagombana tena juu ya jambo jingine lisilo na maana, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyekuwa anathubutu kusema kwamba harusi bila mama ni msiba uliovalishwa nguo nzuri.

Siku moja mchana, harusi ikiwa karibu, mkunga alikuwa amepiga magoti anapanga viatu chini ya kitanda simu ilipolia. Alipoona jina alikaa sakafuni.

"Mmepata nyumba?" mama akauliza, bila salamu.

"Hatujapata, mama."

"Kwa hiyo ni hapo hapo kwa mtu."

"Ni hapo hapo."

Mkunga alisikia redio ikiimba nyuma ya mama yake, na mwiko ukigonga sufuria.

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya mwisho, mama. Ya nane."

"Ya nane." Mama alilirudia kama mtu aliyetajiwa bei. "Na lifti ipo?"

Mkunga aliinua macho. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na sanduku lake la vifaa mkononi, hajui aingie au atoke, anajaribu kusoma habari kwenye uso wake.

"Ipo."

"Inafanya kazi?"

"Inafanya kazi, mama. Hii haijawahi kufa hata siku moja."

"Mwambie aikague tena," mama akasema. "Magoti yangu hayapandi ngazi. Na sijakubali, usije ukadhani nimekubali. Nakuja kuona tu."